Dozi ya Nyumba Kumi

Iko nchi inaitwa Sambamba. Msiniulize iko upande gani wa ramani, maana mkishajua mtataka kwenda kuishangaa, na wenyewe hawapendi kushangaliwa. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya watu wema. Wema wao ndio uliowafikisha walipofika, na mimi nitasimulia kama nilivyopokea, bila kutia chumvi, kwa sababu habari yenyewe ilinifikia ikiwa na chumvi ya kutosha.

Sheria zilikuwa nyingi Sambamba, lakini iliyopendwa kuliko zote ni Sheria ya Kumeza kwa Pamoja. Inasemekana ilizaliwa siku Mlezi Mkuu wa nchi alipotembelea hospitali, akamkuta mgonjwa wa homa ya matumbo amekumbatia pakiti ya vidonge kumi na vinne.

"Vyote hivi ni vya nani?" akauliza Mlezi.

"Vyangu, Mheshimiwa."

Mlezi akatoa leso. Alilia mbele ya wapiga picha kwa dakika nne, kisha akatamka maneno ambayo mpaka leo yamechorwa kwenye ukuta wa kila zahanati: KWA NINI MMOJA APONE SANA WAKATI WENGINE HAWAJAPONA HATA KIDOGO?

Tangu siku hiyo dozi ikawa mali ya nyumba kumi. Mtu akiugua, dawa alizoandikiwa zinapelekwa kwa mjumbe wa mtaa, na Ijumaa alasiri watu wa nyumba zote kumi wanakusanyika uani kwake, wazima kwa wagonjwa, kila mmoja na kikombe chake cha maji. Mgonjwa anameza wa kwanza, kidonge kimoja, kwa heshima ya ugonjwa wake. Wengine wanafuata huku wenzao wakipiga makofi. Vikibaki, watoto wanagawiwa nusu nusu. Anayemeza viwili anaitwa mlafi wa tiba, na jina hilo likishamganda mtu, hata binti yake haposwi.

Watu waliipenda Ijumaa yao. Wanawake walivaa khanga mpya, vijana walichumbiana kwenye foleni ya vidonge. Na mgonjwa? Mgonjwa mara nyingi alipata nafuu, akashukuru, akazidiwa, akafa. Lakini alikufa amezungukwa na majirani, jambo ambalo nchi nyingi zenye dawa haziwezi kujivunia.

*

Kasiani Mbele hakuwa mtu wa makuu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa maabara katika Hospitali Kuu ya Kusini, na kazi yake ilikuwa kuotesha vijidudu. Anachukua damu ya mgonjwa, anasubiri kijidudu kiote, anakipaka kwenye kisahani chenye ute mgumu kama wa uji uliopoa, anapanga juu yake vipande vya karatasi vya mviringo, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake, kisha anakiacha kisahani kwenye kabati la joto mpaka kesho yake. Kesho yake anasoma. Dawa yenye nguvu inakuwa imeua vijidudu vyote vilivyoizunguka na kuacha duara safi kama uwanja uliofagiliwa. Dawa iliyochoka haina duara. Vijidudu vimeota mpaka mlangoni kwake, na vingine vimepanda kitandani.

Mwaka wa kwanza wa Sheria maduara yalikuwa mapana, ya kupendeza. Mwaka wa nne yakaanza kunywea. Mwaka wa saba Kasiani akaandika barua wizarani, akatumia neno "usugu". Barua ilirudi neno hilo limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni afisa ameandika: "Hili ni neno la uchochezi. Kijidudu cha Sambamba hakiwezi kuwa sugu kwa dawa ya Sambamba. Andika: kijidudu kimechelewa kutoa ushirikiano."

Akaandika hivyo. Akaongeza kwamba kwa ucheleweshaji huo duara lilikuwa limebaki milimita sita. Safari hii alijibiwa kwa kifurushi. Ndani mlikuwa na rula mpya ya mbao yenye nembo ya taifa, na milimita zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba duara la sita kwa rula ya zamani lilisomeka ishirini na nne. Mwezi uleule Waziri akalitangazia Bunge kwamba dawa zimepata nguvu mara nne. Wabunge waligonga meza mpaka mmoja akavunjika kidole.

Kasiani aliitumia rula ile. Msimlaumu haraka. Alikuwa na mke, na alipenda kurudi nyumbani.

Dirisha la maabara yake lilitazamana na mochwari. Zamani mlango wa mochwari ulikuwa unafungwa mchana kutwa. Siku hizi walikuwa wameung'oa kabisa, kwa sababu uliwachelewesha wabebaji. Kwenye vyeti vya vifo waliandika "uchovu wa kawaida". Karani alishachongesha muhuri wa maneno hayo ili kupumzisha mkono.

*

Mke wake aliitwa Leokadia, mpishi wa Chuo cha Ualimu, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyeweza kupikia wanachuo mia tatu huku akiwatania wote kwa majina. Mtaani walimwita Mama Prisila, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. Hakuwahi kuugua. Mafua yenyewe yalikuwa yanamwogopa.

Jumanne moja alirudi kazini mapema, akajilaza bila kuvua viatu.

"Baba Prisila," akamwambia mumewe, "kichwa hiki kinagonga kama kuna mtu anapasulia kuni humu ndani."

Kasiani akamgusa paji la uso. Fundi wa maabara anafahamu mambo ambayo waume wengine wamesalimika kuyafahamu.

Ijumaa Leokadia aliburutwa mpaka uani kwa mjumbe, akameza kidonge chake kimoja huku akipigiwa makofi. Jumapili homa ilikuwa imepanda ngazi nyingine. Jumatatu tumbo likavimba, ulimi ukawa mweupe, na alipojaribu kumtania jirani akasahau jina lake katikati ya utani. Kasiani akamtoa damu kwa mkono wake mwenyewe, akaenda nayo kazini, akaiotesha kama alivyootesha za watu wengine elfu kadhaa. Tofauti ni kwamba hii aliichungulia kila saa. Kilichoota ni kijidudu cha homa ya matumbo.

Kisahani kilipokuwa tayari alikiinua dirishani. Vipande tisa vya karatasi, dawa tisa. Vinane havikuwa na duara lolote, na hapa hata rula ya taifa isingefua dafu, kwa sababu sifuri ni sifuri kwa rula zote. Cha tisa kilikuwa na duara pana, jeupe, zuri mno. Aliketi chini, akalia kwa furaha peke yake.

Kipande cha tisa kilikuwa cha Sindano ya Akiba. Ilikuwa dawa ya mwisho iliyobaki nchini kwa ugonjwa ule, nayo ilitunzwa katika jokofu la Wizara lililolindwa na askari wawili na picha moja ya Mlezi Mkuu. Kila kasha lilikuwa na chupa kumi. Mgonjwa mmoja alihitaji chupa moja kwa siku, siku kumi mfululizo, bila kuruka wala kupunguza. Mgonjwa mmoja, kasha moja. Hesabu hiyo ilikuwa nyepesi, na kwa sheria za Sambamba ilikuwa ni uhalifu.

*

Jokofu lilikuwa chini ya Kurugenzi ya Tiba Mbadala na Akiba, na Mkurugenzi wake alikuwa Dakta Mwinjuma Kengele, aliyetunukiwa udaktari wa heshima kwa ajili ya kuitikia vizuri kwenye mikutano. Alimpokea Kasiani kwa ukarimu, ila hakumpa mkono. Wakubwa wote wa Wizara walikuwa wameacha kupeana mikono mwaka ule, na ukiwauliza kwa nini walisema ni mtindo.

"Ndugu fundi," akaanza Dakta Kengele, akiwa ameshasimama, kwa sababu hakuweza kuzungumza akiwa amekaa. "Umewahi kujiuliza kijidudu kinataka nini? Hujawahi! Umekipaka, umekipasha joto, umekipima, lakini hujakisikiliza. Mataifa mengine yanapigana na vijidudu. Sisi tumevuka huko. Tumebuni Tiba Mbadala ya Taifa, yenye nguzo tatu. Mchemsho! Hotuba! Subira!"

Akafafanua. Mchemsho ulikuwa wa majani ya mpapai na mwarobaini katika maji ya kisima cha Wizara. Ulinywewa bila kuchemshwa, maana kuni zilikuwa zimepigwa marufuku kwa ajili ya mazingira. Hotuba ilikuwa ya Mlezi Mkuu, nayo ilitolewa kwa redio ndogo iliyofungwa kwenye tumbo la mgonjwa kwa kitambaa, asubuhi na jioni, sauti ikiwa ya wastani. Subira ilitolewa bila kikomo.

"Mlezi mwenyewe anaiamini mno," akasema. "Kila anapokwenda kutibiwa nje ya nchi huiaga kwa machozi."

"Na waliotibiwa kwayo, Mheshimiwa, wamepona wangapi?"

"Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

Kasiani aliyafikiria maneno hayo muda mrefu kuliko Dakta alivyotarajia. Kisha akaomba kasha moja la Sindano ya Akiba. Dakta Kengele akakunja uso kama mtu aliyeombwa kitu cha aibu mbele ya watoto.

"Kwa ajili ya nani?"

"Mke wangu."

"Chupa kumi, kwa mwanamke mmoja?"

"Ndizo zinazotakiwa, Mheshimiwa. Zikipungua, vijidudu vitakavyobaki ni vile vyenye nguvu, na vitakuwa vimeshaionja dawa. Tukivifundisha na hii, hatutabakiwa na..."

"Ndugu fundi." Dakta alishusha sauti. "Kabla yako alikuja mtu hapa akasema hayo hayo. Alikuwa na elimu kukuzidi. Sasa hivi anahesabu samaki wa Wizara kwenye ziwa ambalo halina samaki, na bado hajamaliza." Akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu. "Mtu mmoja hawezi kuugua Sambamba. Hapa pameandikwa 'Jina la Nyumba Kumi'. Walete wote kumi waweke dole gumba kwamba kila nyumba itachomwa chupa moja, nami nitalifungua jokofu kwa moyo mkunjufu."

*

Njia nzima Kasiani alitembea na ile fomu mfukoni akiwaza uongo wa kuwaambia majirani. Alipofika kwa mjumbe uongo wote ukamwishia.

Mjumbe alikuwa Mama Stumai, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alimsikiliza huku akipembua mchele.

"Sijaelewa hayo maduara yako," akasema mwishoni. "Niambie kwa lugha ya nyumbani. Sisi tukichomwa, Mama Prisila anakufa?"

"Ndiyo, Mama Stumai."

"Tusipochomwa, anapona?"

"Akizimaliza zote kumi, anapona."

Mama Stumai akauweka ungo chini. Alikuwa ameongoza Ijumaa mia nne na zaidi, na hakuwahi kuruhusu mtu ameze kidonge cha mwenzake. Akasimama, akaenda kugonga mlango wa nyumba ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Baada ya nusu saa majirani tisa walikuwa wamejaa sebuleni kwa Kasiani, madole gumba yao yamepakwa wino, wakiangalia pembeni kama wezi. Kilikuwa kitendo cha kwanza cha uvunjaji wa sheria katika maisha yao yote. Mzee Ndunguru wa nyumba ya sita, fundi cherehani, kwa woga akaweka alama mara mbili.

"Asijue," akasema Mama Stumai. "Namfahamu yule. Akijua kwamba tumejinyima kwa ajili yake, atazitapika."

Kasiani alimpa kila mmoja kitambaa cha kufutia wino. Aliwapenda watu wale kwa namna iliyomuumiza kifuani, na nadhani hata nyinyi mngewapenda.

Sista Gaudensia, muuguzi mstaafu wa nyumba ya nne, ndiye aliyechoma sindano ya kwanza siku iliyofuata, kasha lilipotoka Wizarani. Ya pili. Ya tatu. Baada ya ya tatu Leokadia alifumbua macho asubuhi, akamtazama mumewe, akasema: "Mbona umekonda hivyo, ulikuwa unakula nini, karatasi?" Kisha akaomba uji.

Kasiani alikwenda kazini akipiga mluzi. Katika jokofu dogo la nyumbani, nyuma ya birika la maziwa, zilibaki chupa saba.

*

Aliporudi alasiri alisikia makofi kabla hajafika kona.

Uani kwake walikuwa wamejaa watu wa nyumba zote kumi, wamevaa nguo za Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi. Kila nyumba ya jirani ilikuwa na mtu aliyeshikilia pamba kwenye mkono. Katikati yao alikaa Leokadia, amejifunga kitenge, uso umerudi rangi, anacheka kile kicheko chake. Mbele yake palikuwa na sufuria la pilau, na beseni la kachumbari aliyoikatakata kwa mikono yake mwenyewe, likiwa karibu kwisha.

"Baba Prisila, njoo ule!" akaita. "Mama Stumai ulimi umemponyoka leo. Nilimwambia nimechoshwa na sindano, akanitania kwamba nyumba tisa nzima zimo mwilini mwangu, nizitunze. Nikambana mpaka akasema yote. Hivi mlinifanya nini nyinyi? Mlitaka nipone halafu nitembee vipi mtaa huu?"

Kasiani alikuwa anamwangalia Sista Gaudensia, ambaye alikuwa anakusanya chupa tupu kwenye mfuko.

"Saba kwa nyumba tisa," akasema Sista, kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi safi. "Nimekadiria kwa jicho. Kila mmoja amepata karibu chupa nzima."

"Lakini ulikuwa unajua, Sista. Wewe ni muuguzi."

"Mgonjwa mwenyewe ameniomba, shemeji. Na homa imeshuka tangu jana. Homa ikishuka, mtu amepona. Au mimi nimesomea wapi?"

Leokadia aliona uso wa mumewe, kicheko kikapungua. Akamshika mkono, akasema taratibu ili wengine wasisikie: "Usininunie. Najisikia mzima kabisa. Ningewezaje kuzimaliza peke yangu, wakati hawa walikuwa tayari kukosa?"

Hapo ndipo Kasiani alipotakiwa kupiga kelele. Angemwambia kwamba siku ya tatu vijidudu dhaifu ndivyo vinavyokuwa vimekufa, na kwamba vilivyobaki ndani ya tumbo lake vimeshajifunza sura ya dawa ya mwisho. Angemwaga ile kachumbari mbichi, maana ugonjwa ule hupitia mikononi mwa anayeandaa chakula. Lakini watu tisa waliohatarisha vichwa vyao walikuwa wanamtazama kwa tabasamu, na mke wake alikuwa anacheka tena baada ya wiki mbili. Akanawa mikono. Akala pilau. Kachumbari alisema imemzidi pilipili.

*

Habari njema hazikai. Mtu mmoja alimwambia mwingine, na katika siku chache Dakta Kengele akafahamu kwamba upo mtaa ambao dozi moja ya Akiba imeponya mgonjwa mmoja na kuwakinga wazima tisa. Alikuja na wapiga picha. Alimpiga picha Leokadia akicheka. Picha ikatoka magazetini chini ya kichwa cha habari: MPISHI AGAWA, APONA. Redioni Dakta akatangaza kwamba utafiti wa mtaa huo umethibitisha, kwa mara ya kwanza duniani, kuwa chupa tatu zinatosha. Jokofu lote lingefunguliwa. Makasha yote yaliyosalia nchini, arobaini na moja, yangegawiwa chupa moja kwa kila nyumba, katika sherehe ya Siku ya Sindano kwa Wote, na Mama Leokadia angekuwa mgeni wa heshima.

Kasiani aliandika barua tatu. Ya kwanza alitumia maneno ya ushirikiano uliochelewa. Ya pili alitumia neno lenyewe. Ya tatu aliandika neno hilo tu, peke yake, katikati ya ukurasa. Hakujibiwa, na jambo hilo lilimtisha zaidi kuliko kukamatwa.

Siku kumi na nne baada ya pilau Leokadia aliacha kucheka. Alisema ni uchovu. Siku ya kumi na sita alianza kutetemeka, na Kasiani akamtoa damu bila kumwambia ni ya nini, naye akautoa mkono bila kuuliza.

Asubuhi ya sherehe, kisahani kikiwa bado kwenye kabati la joto, Kasiani aliondoka nyumbani na giza la alfajiri halijaisha vizuri. Alikiinua dirishani mara tu mwanga ulipotosha. Nje, wabebaji walikuwa wameshaanza kupita. Alikigeuza kisahani huku, akakigeuza kule. Alihesabu vipande mpaka cha tisa, kisha akahesabu tena akianzia upande wa pili, kama vile mpangilio ungeweza kumsaidia. Vijidudu vilikuwa vimeota sawasawa, zulia moja la kijivu kutoka ukingo mpaka ukingo, na vile vipande tisa vilikuwa vimekaa juu yake kama vifungo vya shati. Hapakuwa na duara hata moja.

Alikifunga kwa karatasi, akakimbia nyumbani. Nyumba ilikuwa tupu. Gari la Wizara lilikuwa limeshamchukua.

*

Uwanja wa Chuo cha Ualimu ulifurika. Juu ya meza ndefu yenye kitambaa cheupe makasha arobaini na moja yalipangwa mfano wa herufi ya kwanza ya jina la Mlezi. Bendi ilikuwa inapiga. Leokadia alikaa mstari wa mbele jukwaani, jua kali la saa tano likimpiga, amevaa sweta juu ya kitenge na bado anatetemeka. Kasiani alipenya kati ya watu mpaka akafika nyuma ya kiti chake, akachuchumaa.

"Umekisoma?" akauliza Leokadia bila kugeuka.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nimelala na wewe miaka ishirini na minne. Unafikiri sikujua ulikuwa unanitoa damu ya nini? Inasemaje?"

Kasiani alimwambia. Hakuficha, kwa sababu alikuwa ameshachoka kuficha na ameona faida yake. Bendi ikamaliza wimbo ikaanza mwingine.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeiharibu."

"Ulikuwa unawapenda."

"Sijakuuliza hilo." Akageuka. Macho yake yalikuwa yamezama. "Na waliokula kwangu?"

"Ile kachumbari haikupikwa," akasema Kasiani. Hapo akalia mke wake, machozi mawili tu, akayafuta kwa ncha ya kitenge. Jina lake lilikuwa linaitwa kwenye kipaza sauti.

Alisimama kwa shida. Alitembea mpaka mbele, akashika kile kipaza sauti kwa mikono yote miwili ili asianguke, na uwanja mzima ukanyamaza kwa heshima.

"Ndugu zangu," akasema. "Nilikosea. Zile sindano nilipaswa kuzimaliza zote mwenyewe, peke yangu. Sikupona. Homa imerudi, na dawa hii sasa hainifai tena. Nawaomba msichomwe. Mkichomwa hivi kidogo kidogo nanyi mtaiua, na atakayeugua kesho hatakuwa na kitu. Wapewe wagonjwa, kila mmoja kasha lake zima. Nawaomba. Mimi ndiye niliyekosea."

Kwa muda mfupi, Kasiani aliwaona watu wakitazamana, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alipata tumaini. Dakta Kengele akaja mbio, akakichukua kipaza sauti kwa upole mkubwa, akijihadhari asiguse vidole vyake.

"Mmesikia?" akanguruma, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi ya kweli. "Mmesikia unyenyekevu wa mama huyu? Amegawa saba kati ya kumi, na bado anasimama hapa kujilaumu! Anaumwa, lakini anawaza mgonjwa wa kesho! Huyu ndiye Msambamba! Kama yeye anaona saba ni chache, sisi tutagawa zote!"

Uwanja ukalipuka. Walipiga makofi mpaka ndege wakahama mapaa ya chuo. Wanawake walipiga vigelegele. Watu walikuwa wanalia, na walikuwa wanalia kwa upendo, hilo nataka mlielewe. Foleni ikajipanga yenyewe bila askari, mikono ya mashati imekunjwa, watoto mabegani mwa baba zao. Kwa heshima ya ugonjwa wake Leokadia akawekwa wa kwanza. Kasiani alijaribu kumvuta pembeni, lakini askari wawili wenye adabu walimwelekeza nafasi yake, ya pili, na walisimama naye ili asiipoteze.

Nyuma yao walipangwa majirani wa nyumba kumi, mashujaa wa utafiti, wamevaa fulana zenye picha ya Leokadia akicheka. Mama Stumai aliona anavyotetemeka, akatoka kwenye nafasi yake, akaja kumkumbatia.

"Usilie, Mama Prisila," akamwambia. "Tuko pamoja. Hata mimi kichwa kinanigonga tangu juzi, na Mzee Ndunguru ameshindwa kuamka leo."

Muuguzi akavunja kifuniko cha chupa ya kwanza, na foleni ikasogea hatua moja.